Nitainua sufuria lini? Kisa cha mama mmoja na njia tatu za kutoa kizazi

Kabla ya kuanza

Mama mwenyewe ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Umri, kazi na mtaa nimevisogeza kidogo, fedha nimezikadiria kwenye elfu au laki iliyo karibu, na hospitali zote zilizohusika zinabaki bila jina. Wakati huo nilikuwa nasomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Mpango wa kwanza kwenye faili lake niliuandika mimi, na ulikuwa mpango wa mtu mwenye haraka.

Historia ya mgonjwa

Mama ana miaka 47 na amezaa watoto watano, wote kwa njia ya kawaida. Ni mama ntilie kwenye kituo kimoja cha daladala kusini mwa Dar es Salaam. Saa kumi alfajiri anawasha mkaa, saa kumi na mbili supu na chapati ziko tayari, mchana wali, maharage na samaki. Siku nzuri anabaki na faida ya shilingi 18,000 hivi. Fedha hiyo ndiyo inayolipa kodi ya vyumba viwili na ada ya kitindamimba wake, maana mumewe ni seremala na kazi ya useremala huja na kupotea.

Hedhi ilianza kuharibika miaka mitatu kabla hatujaonana. Siku nne zikawa saba, saba zikawa tisa, na damu ikaanza kutoka na mabonge makubwa kama maini ya kuku. Aliacha kuvaa kanga za rangi nyepesi. Ultrasaundi aliyofanya zahanati ilionyesha mayoma, ule uvimbe wa kizazi usio wa saratani, na tangu hapo akahangaika miezi minane na dawa za kuyeyusha uvimbe zinazouzwa kwenye chupa, 60,000 chupa moja. Akiba ikayeyuka, mayoma yakabaki. Simcheki kwa hilo. Muuza dawa alimsikiliza kwa nusu saa, na sijui ni daktari gani wa kliniki ya wagonjwa wa nje aliyewahi kumpa dakika kumi.

Usiku wa Jumamosi

Aliletwa kwa bajaji akiwa ameegemea bega la binti yake mkubwa. Alikuwa amepauka kwenye macho na viganja, moyo ukimwenda mbio, na alikuwa ametumia pakiti mbili za pedi tangu asubuhi. Hemoglobini ilisoma gramu 6.4 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya gramu 8, kwa mwanamke asiye mjamzito, kuwa upungufu mkali wa damu.

Tulimwekea damu chupa tatu, na ndugu wakaja kuchangia ili benki isibaki tupu. Tukampa asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, na vidonge vya norethisteroni, homoni ya kukata hedhi, miligramu 5 mara tatu kwa siku. Jumatatu damu ilikuwa imekata. Hemoglobini ilipanda hadi 9.1.

Mpango wa kwanza

Jumatatu mchana nikakaa na faili. Ultrasaundi yetu ilionyesha kizazi cha sentimita 11.8 kwa 8 kwa 7, kina mayoma manne, moja likisukuma kuingia kwenye uwazi wa ndani. Kitanzi chenye homoni nilikiondoa kwenye orodha kwa sababu hiyo: uwazi ukishapinda namna ile, kitanzi hutoka chenyewe au damu huendelea kutoka kando yake. Kungoja hedhi ikome yenyewe kungeweza kuchukua miaka kadhaa, na kila mwezi angerudi kwenye benki ya damu. Watoto anao, wengine hataki. Kutoa mayoma tu na kuacha kizazi kungekuwa upasuaji wenye damu nyingi kwa faida ambayo yeye mwenyewe haihitaji. Kutoa kizazi lilikuwa jibu la haki.

Nikaandika herufi tatu tunazoandika wote: TAH, yaani kutoa kizazi chote kwa kufungua tumbo. Njia nyingine sikuiandika hata kwa kuikataa. Sikuwa nimempima kwa mkono tangu damu ikate. Niliamini karatasi ya ultrasaundi.

Binti yake naye alikuwa ameingia kwenye simu. Alikuwa amepata hospitali binafsi inayofanya upasuaji wa matundu madogo, yaani kwa kamera na vyuma vyembamba vinavyopenyezwa tumboni, akapiga, akatajiwa shilingi milioni 7.5. Familia ilikuwa imeanza kuzungumza habari ya kuuza kiwanja kidogo walichonunua nje ya jiji. Hospitali kubwa ya umma yenye mashine hiyo ilikuwa na foleni ya miezi.

Kwa hiyo meza ya familia ilikuwa na sahani mbili: kupasuliwa tumbo kwa bei wanayoiweza, au matundu kwa bei ya kiwanja. Njia ya tatu, ya kupitia ukeni, hakuna aliyeitaja, si mimi, si mashine ya kutafutia habari.

Raundi ya Jumanne

Bingwa wetu alikuwa mzee aliyebakiza miaka michache kustaafu. Alisoma faili akiwa amesimama, kisha akauliza swali ambalo sikulipenda.

"Umempima kwa mkono, dokta?"

Nikamwambia ultrasaundi iko wazi.

"Ultrasaundi haikuambii kama kizazi kinacheza."

Tukavuta pazia. Akampima, akaniambia nami nipime. Kizazi kilikuwa kama cha mimba ya wiki 12, kinasogea huku na huku bila kushikwa na kitu. Uke ulikuwa mpana, mlango wa kizazi ukishuka kidogo ukivutwa. Tumboni hakuna kovu hata moja.

Nikajitetea: kizazi hakijashuka, na njia ya ukeni si ni ya vizazi vilivyoshuka? Nilivyofundishwa ndivyo, au tuseme ndivyo nilivyoona, maana wagonjwa wote niliowahi kuona wakifanyiwa hivyo walikuwa akina bibi ambao kizazi kimetoka nje.

Mzee akacheka. "Vichwa vitano vya watoto vimepita hapo. Nani amekuambia kizazi chao hakitapita?"

Njia tatu, na tunachokijua juu yake

Hapa niache wodi kidogo.

Kutoa kizazi kupitia ukeni si ujuzi mpya. Langenbeck, Mjerumani, alifanya mwaka 1813, kabla dawa ya usingizi haijaanza kutumika kwenye upasuaji. Njia ya matundu madogo ni ya juzi: Harry Reich aliifanya Marekani mwaka 1988. Kufungua tumbo kuko katikati, na ndiyo njia iliyotawala karne yote ya 20 kwa sababu inaeleweka na inampa daktari nafasi ya kuona kila kitu.

Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 47 zenye wanawake 5,102. Jibu lake kwa ufupi: inapowezekana, njia ya ukeni ndiyo bora. Mwanamke anarudi kwenye shughuli zake mapema kuliko aliyefunguliwa tumbo, na matundu madogo hayaonyeshi faida yoyote juu yake. Isipowezekana, matundu madogo yanashinda kufungua tumbo kwa kurudi haraka kazini na kwa vidonda vichache vinavyooza, ila yanachukua muda mrefu zaidi chumba cha upasuaji na yanaumiza zaidi kibofu na mirija ya mkojo. Chama cha mabingwa wa uzazi cha Marekani kilisema hivyohivyo mwaka 2017: anza na ukeni.

Utafiti wa eVALuate, uliochapishwa mwaka 2004 na kufanyika kwenye vituo 28 vya Uingereza na 2 vya Afrika Kusini, una namba ambazo kila anayeuza "matundu" kama dawa ya kila kitu angepaswa kuzisoma. Waliofanyiwa kwa matundu walipata madhara makubwa asilimia 11.1, dhidi ya 6.2 kwa waliofunguliwa tumbo. (Kubadili njia katikati ya upasuaji nako kulihesabiwa kama dhara, kwa hiyo tofauti hiyo isomwe kwa akili.) Upande wa pili, walipata maumivu kidogo na wakatoka wodini mapema. Kwa muda wa upasuaji, matundu yalichukua dakika 84 pale tumbo lilipochukua 50, na dakika 72 pale ukeni palipochukua 39. Na wanawake ambao kizazi chao kilishuka sana hawakuingizwa kwenye utafiti huo. Zile dakika 39 ni za vizazi visivyoshuka sana, kama cha mama huyu.

Kwa gharama, hesabu za utafiti huohuo zilionyesha matundu yakizidi ukeni kwa wastani wa pauni 401 kwa mgonjwa, na yakizidi tumbo kwa pauni 186. Kinachoongeza ni vifaa vya kutumia mara moja na kutupa, na muda wa chumba. Roboti, yaani matundu yaleyale daktari akiongoza mikono ya mashine, ndiyo imezidi: Marekani, kwenye takwimu za wanawake 264,758 zilizochapishwa mwaka 2013, iliongeza dola 2,189 kwa kila mgonjwa juu ya matundu ya kawaida, na madhara yakabaki yaleyale, asilimia 5.5 kwa 5.3. Wodini kwetu roboti ilikuwa habari ya kwenye simu tu.

Haya yote ni kwa ugonjwa usio saratani. Kwa saratani ya mlango wa kizazi hesabu inageuka: utafiti wa LACC wa mwaka 2018 ulionyesha waliofanyiwa kwa matundu au roboti ugonjwa uliwarudia zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo. Ndiyo maana kabla ya kuendelea mama alifanyiwa kipimo cha siki kwenye mlango wa kizazi, kikawa safi, na tukachukua kinyama cha utando wa ndani. Majibu yalichukua wiki tatu. Hakukuwa na saratani.

Ridhaa, na swali la kwenye korido

Mzee alimweleza mama njia zote tatu kwa Kiswahili cha mtaani, akichora nyuma ya fomu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa mdogo zaidi.

"Mwanangu, haya yote nimeyasikia. Nitainua sufuria lini?"

Nikamjibu tunavyomjibu kila mtu: wiki sita.

"Kwa njia ipi?"

Nikasema zote. Mzee aliniangalia bila kusema neno. Baadaye, tukinawa mikono, akasema: "Umempa njia tatu halafu ukamwambia ni moja." Alikuwa na haki. Wiki sita za kutoinua kitu ni desturi zaidi kuliko ushahidi. Mshono wa juu ya uke unahitaji muda kufunga, na habari ya tendo la ndoa tunaizuia wiki sita hadi nane kwa sababu hiyo. Lakini kukaa kwenye kiti na kupokea fedha za chapati si sawa na kubeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani, na mama ntilie anajua tofauti hiyo kuliko sisi. Tukarudi kwake na jibu lililopasuliwa vipande: wiki mbili, kukaa kibandani na kuhesabu fedha; wiki nne, kukoroga na kusukuma chapati; wiki sita, ndoo na sufuria kubwa.

Mume alikuja jioni. Mbele ya mkewe hakuuliza chochote. Kwenye korido alinivuta kando: akitolewa kizazi, na kupitia huko chini, je, atabaki mwanamke? Shangazi yake alikuwa amemwambia mwanamke asiye na kizazi ni "nyumba isiyo na paa". Nilimweleza kwamba uke unabaki, vifuko vya mayai tunaviacha viendelee na kazi, na kinachokoma ni hedhi na mimba. Akaniomba nirudie maneno hayo mbele ya mkewe, kwa sababu naye alikuwa na hofu hiyohiyo na hajaisema. Tukarudi wodini, nikarudia. Fomu aliisaini mama mwenyewe, pamoja na kipengele cha kufunguliwa tumbo iwapo mambo yatakwenda kombo.

Alitoka Alhamisi akiwa na norethisteroni na miadi ya sindano za madini ya chuma. Baada ya wiki tano hemoglobini ilikuwa 10.6.

Siku ya upasuaji

Jumatano. Mama alikuwa wa pili kwenye orodha. Saa tatu ikaingia dharura ya mjamzito, chumba kikachukuliwa, tukaanza saa saba mchana. Kumbuka ucheleweshaji huo, nitaurudia.

Alipewa ganzi ya mgongoni, si nusu kaputi. Hiyo nayo ni faida ya njia hii, kwa sababu matundu madogo kwa kawaida hutaka usingizi kamili na tumbo lijazwe hewa ya kaboni daioksaidi, kitanda kikiwa kimeinamishwa kichwa chini. Vyuma vya kushikilia miguu vilikosa mkanda mmoja, tukafunga kwa bendeji. Taa ya dari haikuweza kuelekezwa tulipotaka. Mzee akavaa taa yake ya kichwani aliyoinunua kwa fedha zake. Kishika sindano kirefu tuliazima chumba cha pili. Njia inayosifiwa kuwa haina gharama ya vifaa inahitaji vichache, ila hivyo vichache viwepo.

Tulichoma adrenalini iliyochanganywa na maji ya chumvi kuzunguka mlango wa kizazi, tukakata, tukasukuma kibofu juu, tukafungua nyuma kisha mbele, tukafunga mishipa mikubwa ya damu pande zote mbili. Kuanzia hapo kizazi hakipati damu na unaweza kukipunguza bila hofu. Mzee alikipasua katikati kama papai, akatoa yoma kubwa, kisha nusu moja, kisha nyingine. Kwa kinyama kilichokuwa safi tulikuwa na amani ya kufanya hivyo, ingawa amani hiyo haijawahi kuwa kamili: mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotahadharisha juu ya mashine za kusaga mayoma ndani ya tumbo, ilikadiria mwanamke 1 kati ya 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya mayoma ana saratani iliyojificha. Sisi tulikata kwa kisu, ukeni, si ndani ya tumbo, lakini kipande ni kipande.

Tulitaka pia kutoa mirija yote miwili ya uzazi ili kupunguza hatari ya saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai, baadaye. Wa kulia ulifika. Wa kushoto ulikuwa juu mno, na baada ya kuvuta mara mbili mzee akasema inatosha. Ulibaki.

Dakika 105 kuanzia kisu hadi mshono wa mwisho, na damu iliyopotea tuliikadiria mililita 450. Dakika 39 za kwenye karatasi ni za watu wanaofanya hivi kila wiki. Katikati ya kazi mtaalamu wa usingizi aliuliza antibayotiki ilitolewa saa ngapi. Wodi ilidhani itatolewa chumba cha upasuaji. Chumba cha upasuaji kilidhani wodi ilishatoa asubuhi, kabla ratiba haijavurugwa. Kwenye karatasi ya dawa kisanduku kilikuwa kitupu. Ikachomwa palepale, kama dakika 40 baada ya kisu cha kwanza, ilhali ilitakiwa iwe imeingia ndani ya saa moja kabla yake.

Alhamisi asubuhi tulitoa mpira wa mkojo. Mchana alikuwa anatembea wodini akigawa ushauri wa mapishi. Ijumaa akaenda nyumbani.

Siku ya tisa

Ijumaa iliyofuata binti alimrudisha. Homa ilikuwa imeanza Jumatano. Walidhani ndiyo kawaida ya mtu aliyepasuliwa, jirani akaleta vidonge vya amoksilini kutoka duka la dawa. Maji yenye harufu mbaya yalikuwa yakitoka ukeni. Joto lilikuwa 38.7. Ultrasaundi ikaonyesha mkusanyiko wa sentimita 5 juu ya mshono: damu iliyovuja taratibu baada ya upasuaji, ikageuka usaha.

Hatukumfungua tumbo. Tuliachia nyuzi mbili za mshono kutoka ukeni, usaha ukatoka, tukampa antibayotiki ya mshipa siku tatu na kumruhusu siku ya nne na vidonge. Akaanza kukaa kibandani kwake siku ya 24 badala ya siku ya 14.

Majibu ya patholojia: mayoma na adenomiosisi, hali ya utando wa ndani kuota kwenye msuli wa kizazi, hakuna saratani. Uzito gramu 310. Vitabu vingi huweka mpaka wa njia ya ukeni kwenye gramu 280. Kwa mkono uliozoea, mpaka huo si ukuta.

Hesabu

Kwenye orodha ya bei ya hospitali, kutoa kizazi ni "upasuaji mkubwa", na bei ni moja, upite tumboni au ukeni. Mama, asiye na bima, alilipa 420,000 kwa upasuaji, kitanda na dawa, na 150,000 kwa vipimo. Angefunguliwa tumbo angelipa hivyohivyo, pengine na usiku mmoja au miwili zaidi. Kwa mtu anayetazama risiti, njia hizi mbili hazina tofauti. Tofauti iko kibandani.

Akifunga wiki sita kamili, kama tunavyowaambia wanaofunguliwa tumbo, anapoteza siku 36 za kazi kwa 18,000: shilingi 648,000. Najua wengi hurudi kabla, wamejifunga kanga tumboni na wamefunga mdomo, lakini tuhesabu kwa ushauri wetu wenyewe. Akirudi siku ya 14 kukaa na kusimamia, huku msichana wa kazi akilipwa 8,000 kwa siku kubeba na kuchota, anapoteza siku 12 kamili na siku 24 za mshahara huo: 408,000. Faida ya njia ya ukeni kwa familia hii ingekuwa 240,000.

Kilichotokea ni hiki: siku 21 kamili, siku 15 za mshahara wa msichana, jumla 498,000, na juu yake 130,000 za kulazwa mara ya pili. 628,000. Ile 240,000 ilibaki 20,000. Sindano moja isiyotolewa kwa wakati, ambayo hata kama si sababu pekee ya usaha ule ilifungua mlango, ilikula karibu faida yote ya kuchagua njia.

Nilichokiona nikirudi kwenye faili

Uamuzi wa njia ulikuwa sahihi na ningeutetea tena. Mgonjwa alikuwa na sifa zote: amezaa kwa kawaida, kizazi kinasogea, hana kovu, ugonjwa uko ndani ya kizazi tu. Kumpandisha hemoglobini kwa wiki tano kabla ya kisu kulituruhusu kupoteza mililita 450 bila kutafuta chupa nyingine ya damu. Kutibu jipu kupitia mshono uleule kulimwokoa na upasuaji wa pili.

Kasoro zetu hazikuwa za njia, ingawa mtu akitaka kuilaumu njia atapata pa kuanzia. Dakika 105 ni nyingi, na sehemu yake ilikuwa mimi kujifunza kuvuta vyuma. Mrija wa kushoto uliobaki ni bei halisi ya ukeni. Kwa matundu tungeufikia. Mshono tuliufunga wote bila kuacha upenyo wa damu kutoka, na kwa kizazi kilichokatwa vipande kwa muda mrefu vile nadhani tungeuacha. Na tulimruhusu bila namba ya simu ya wodi wala maneno mawili rahisi: homa au harufu, rudi siku hiyohiyo. Siku mbili za amoksilini ya jirani ni zetu.

Kinachonisumbua zaidi ni herufi zangu tatu za Jumatatu. Mzee yule akistaafu, nani atavuta pazia? Wenzangu wengi wanaruka kutoka tumbo kwenda matundu, kwa sababu matundu yana mafunzo, yana mashine, yana picha. Ukeni hapana picha nzuri. Anayejifunza anasimama pembeni ya goti la mgonjwa na haoni kitu mpaka mkono wake uingie. Mimi baada ya mama huyu niliomba kusimama hapo kila alipopatikana mgonjwa. Miezi sita, wagonjwa saba.

Mwezi uliofuata alikuja mwanamke mwingine mwenye malalamiko yaleyale, makovu mawili ya kujifungua kwa upasuaji, kizazi cha wiki 18 kilichoganda mbele. Nilimpima kwa mkono kwanza. Kisha nikaandika TAH, na safari hii nikaandika kwa nini.

Kliniki ya mwisho

Mama alikuja wiki ya nane, hemoglobini 12.1, mshono umefunga. Alivaa kanga nyeupe yenye maua ya njano. Alikuwa na ombi moja: barua. Kikoba chao kinatoza faini ya 5,000 kwa kila kikao unachokosa, alikosa sita, na mwenyekiti anataka ushahidi wa hospitali. Ila asingependa wanawake wale kumi na tisa wajue ametolewa nini.

Nikaandika kwamba alikuwa mgonjwa chini ya uangalizi wetu kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, nikagonga muhuri. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkunjo wa kanga.